Mdogo wangu ana kesi mbili za ulevi, moja Shanzu, Mombasa, na moja Virginia. Aziandike zote kwenye fomu ya kibali cha usalama?

Bi_Bamburi

Assalaam aleykum jamani. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu aliyeko Norfolk, Virginia. Aliondoka Mombasa 2015 kwa ile bahati nasibu ya viza za Marekani, na 2022 akaapishwa uraia. Sasa kampuni inayofanya kazi za jeshi la majini la huko imemchukua, lakini kwa sharti apate kibali cha usalama cha daraja la Secret, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Ametumiwa fomu ya SF-86 aijaze mtandaoni na amepewa siku chache tu.

Mambo yenyewe ni mawili. La kwanza, 2014 alikamatwa Bamburi usiku kwa ulevi na fujo barabarani. Alilala selo, asubuhi akafikishwa Mahakama ya Shanzu, akakiri, akatozwa faini, akalipa na kwenda zake. Risiti hana, namba ya kesi haijui. Mama yetu hadi leo hana habari. La pili, 2019 alikamatwa Virginia akiendesha gari amelewa, kipimo cha pumzi kikasoma 0.16. Alitiwa hatiani, akakaa jela siku 5, leseni ikafungwa mwaka mzima, akapelekwa mafunzo ya VASAP (ya huko Virginia, kwa madereva waliokamatwa wamelewa) na akayamaliza.

Ile ya Shanzu imepita zaidi ya miaka 10, aiandike? Haya makosa ya pombe yatamkosesha kazi? Na la tatu, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi: anasema kwenye fomu ya kuombea uraia anadhani hakuitaja ile ya Shanzu.

Mswahili_Halisi

Dada, la Virginia alitaje kwa sababu limo kwenye kompyuta zao. La Shanzu anyamaze. Faini ya mia tano ya mwaka 2014, daftari lenyewe pengine limeshaliwa na mchwa. Nani atafunga safari kutoka Amerika aje kulitafuta?

Tabaruki_VA

Dada Bi_Bamburi, ushauri huo wa hapo juu usimfikie mdogo wako. Kwa maelezo uliyotoa, kesi hizi mbili zinaweza kuelezeka. Kitakachofanya asipate kibali ni kuificha moja.

Tuanze na maneno ya fomu. Sehemu ya 22 ndiyo ya polisi na mahakama, nayo ina maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza inahusu miaka 7 iliyopita: ulikamatwa, ulishtakiwa, ulihukumiwa, uko chini ya uangalizi wa mahakama? Watu husoma hiyo miaka 7 wakafunga ukurasa. Aina ya pili haina kikomo cha miaka, inauliza maisha yako yote. Humo mna mashtaka ya makosa makubwa, ya silaha na baruti, hukumu za ukatili wa nyumbani, na pia kushtakiwa kwa kosa lolote linalohusu pombe au dawa za kulevya. Swali ni kushtakiwa, hata kama hukutiwa hatiani. Maelekezo ya sehemu hiyo yanataka matukio ya Marekani na ya nje ya Marekani, hata kama kesi ilitupwa au rekodi ilifutwa. Ulevi na fujo Shanzu 2014 ni shtaka la pombe. Linaingia.

Angalieni tofauti hii, maana ni ndogo lakini ina uzito. Angekuwa alilala selo Bamburi na asubuhi akaachiwa bila kufunguliwa mashtaka, kukamatwa huko kungekuwa nje ya miaka 7, na bila shtaka swali la maisha yote lisingemgusa. Lakini alisimama mbele ya hakimu, akasomewa na akakiri. Na asome maneno ya fomu aliyoletewa yeye mwenyewe, kwa sababu serikali yao inabadilisha fomu hizo, asitegemee nilivyofupisha hapa.

La Virginia linaandikwa mahali zaidi ya pamoja, na hapa ndipo wakweli wengi huonekana waongo. Ataliandika sehemu ya 22. Kisha sehemu ya 24, ya matumizi ya pombe, inauliza kama umewahi kuamriwa, kushauriwa au kuombwa kupata ushauri nasaha au matibabu kwa sababu ya pombe. VASAP ni amri ya mahakama. Mtu anaandika DUI, yaani kosa la kuendesha gari amelewa, vizuri sehemu ya 22, halafu 24 anajibu "hapana" kwa kuwa moyoni anaona yale yalikuwa masomo ya Jumamosi tu, si matibabu. Ajibu ndiyo, kisha aeleze kwenye nafasi ya maoni kwamba yalikuwa mafunzo ya lazima na kama kulikuwa na matibabu zaidi au hapana. Tena kuna sehemu ya 13 ya kazi: kama kuna kazi aliyofukuzwa au aliyoacha baada ya kuambiwa atafukuzwa ndani ya miaka 7, tuseme kwa sababu ya kukosa leseni, nayo iandikwe kwa sababu yake halisi. Wachunguzi huzisoma sehemu hizi kwa pamoja, moja inaikosoa nyingine.

Tarehe asizozikumbuka asizibuni. Fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukisia, akitie alama. "Mwezi wa Agosti 2014, ya kukisia, Mahakama ya Shanzu, Mombasa, nilikiri, nililipa faini, karatasi sina, nimeziomba." Hiyo inatosha kuanzia.

Sasa uamuzi unavyofanywa. Waamuzi wanafuata agizo liitwalo SEAD 4, linalotumika tangu Juni 2017, lenye miongozo 13 kuanzia A hadi M. Pombe ni Mwongozo G. Uaminifu na mwenendo ni Mwongozo E. Makosa ya jinai ni J. Kesi ya mdogo wako kwa sasa inagusa G na J. Akificha Shanzu, anaongeza E, na E ndio mgumu kuliko yote.

Chini ya G wanatazama matukio ya nje ya kazi kama kuendesha gari umelewa au kupigana, kulewa kazini, unywaji wa kupindukia, kugunduliwa na mtaalamu kwamba una ugonjwa wa pombe, kutofuata matibabu, na kutotii amri ya mahakama kuhusu pombe. Yanayopunguza uzito ni muda kupita, tukio kuwa la nadra au la mazingira yasiyo ya kawaida, na ushahidi kwamba mtu amekiri tatizo, amechukua hatua na unywaji wake umebadilika. Hakuna idadi ya miaka iliyowekwa kisheria. DUI moja ya 2019, masharti yote yametimizwa, hakuna jingine baada yake, kwa kawaida inasameheka. Kuwa na mbili kwa tofauti ya miaka 5 kutazaa swali kama hii ni tabia, na hilo linajibiwa kwa miaka safi iliyofuata. Linajibika.

Mwongozo E unataja wazi kuacha, kuficha au kupotosha kwa makusudi jambo kwenye fomu ya usalama. Kuna tundu la kutokea: kusahihisha mwenyewe, mapema na kwa nia njema, kabla hujakabiliwa na ushahidi. Mpelelezi akishakuuliza "na Mombasa je?", ukakiri hapo, tundu limezibwa. Na juu ya hayo, uongo kwa serikali ya shirikisho ni jinai, kifungu cha 1001 cha sheria zao za jinai, hadi miaka 5 jela.

Mswahili_Halisi, hoja ya mchwa: mpelelezi hahitaji daftari la Shanzu. Anaweza kumuhoji mdogo wa dada ana kwa ana. Anaweza kuzungumza na majirani, wakubwa wa kazi, marafiki wa zamani. Serikali ina fomu zake zote za awali za viza na uraia. Inatosha mtu mmoja aliyesoma naye Kisauni aseme kwa kicheko "yule tulimtoa selo Bamburi."

Na hili la mama kutojua, msilichukulie dogo. Mwongozo E unazungumzia pia kuficha mwenendo wako kwa watu kiasi cha mtu kuweza kukutishia nao. Ataulizwa: nani anajua habari hii? Akisema mke, kaka, dada na bosi wanajua, mambo yamekwisha. Akisema mama hajui na hataki kabisa ajue, hilo litaandikwa. Bora ukae na mama kabla.

KaraniWaMasijala

Nitajibu upande wa Shanzu tu.

Kosa lenyewe, kama hati ya mashtaka iliandikwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 (watu wanaiita sheria ya Mututho), ni kifungu cha 33: kukutwa mlevi na mwenye fujo mahali pa umma. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Kwa hiyo mia tano ya Mswahili_Halisi si utani, ndiyo faini ya juu kabisa. Lakini polisi wakati mwingine huongeza shtaka jingine hapo hapo: kuzua vurugu, kumzuia ofisa wa polisi kazini. Kwa hiyo usiandike kwa kukisia kwamba lilikuwa shtaka moja. Itafutwe hati ya mashtaka, hata kwa kuchelewa.

Namna ya kuitafuta: masijala ya jinai pale Shanzu wanahitaji jina kama lilivyoandikwa kituoni (jaribuni mpangilio wote wa majina matatu, na herufi zilizokosewa), mwezi na mwaka, na kituo kilichomkamata. Namba ya kesi mkiwa nayo kazi ni rahisi. Msipokuwa nayo, karani atapekua daftari la kesi za mwaka huo, na kesi za kukiri siku ile ile huwa zimepangana kurasa nzima, majina ishirini thelathini ya usiku mmoja. Anzeni kituo cha polisi mkiweza: kitabu cha matukio, yaani OB, kina tarehe na namba ya mtu kuingizwa selo, na hiyo ndiyo inayopunguza upekuzi.

Ombeni nakala iliyothibitishwa kwa muhuri ya vitu vitatu: hati ya mashtaka, mwenendo wa siku hiyo pamoja na hukumu, na kumbukumbu ya malipo ya faini. Ada hulipwa kwa ukurasa na mnapewa risiti rasmi. Faili likikosekana, msirudi mikono mitupu. Ombeni barua ya mahakama inayosema limetafutwa kwa jina hili na mwaka huu na halikupatikana. Barua hiyo ina thamani karibu sawa na faili, kwa sababu inaonyesha juhudi.

Jambo jingine watu hawalijui: cheti cha tabia njema kikisema hana rekodi, haina maana kesi haikuwepo. Cheti kinatolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa kulinganisha alama za vidole. Hizi kesi ndogo za kukiri asubuhi mara nyingi huisha bila alama za vidole kufika makao makuu. Mdogo wako alihitaji cheti hicho kwa viza yake ya 2015, na yaelekea kilikuwa safi. Asikitumie sasa kama ushahidi kwamba hakushtakiwa. Hapo atakuwa anatumia karatasi ya kweli kusema uongo.

Bi_Bamburi

Shukrani sana nyote. Tabaruki_VA, akija huyo mpelelezi atamuuliza nini hasa? Mdogo wangu anasema siku ile Virginia alikunywa bia mbili tu.

Tabaruki_VA

Hizo bia mbili ndizo nilizokuwa naogopa kuzisikia.

Kinywaji kimoja cha kawaida kwa hesabu ya Marekani kina gramu 14 za pombe, sawa na bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Mwanamume wa kilo 80 akinywa kimoja, pombe kwenye damu inapanda kama 0.025, na mwili unaondoa karibu 0.015 kila saa. Bia mbili ndani ya saa moja zinampeleka kwenye 0.035 hivi. Kufika 0.16 baada ya saa tatu anahitaji vinywaji kama vinane. Mpelelezi ana ripoti ya polisi mkononi yenye hiyo 0.16. Akisikia "bia mbili" haoni kumbukumbu dhaifu, anaona mtu anayepunguza mambo, na tumesharudi Mwongozo E kwa mlango wa nyuma.

Ukubwa wa chupa nao utajwe. Bia ya kwetu ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina gramu kama 16.6, inazidi kinywaji kimoja cha kwao. Akieleza unywaji wa Mombasa aseme mililita, asihesabu chupa tu.

Maswali atakayoulizwa ni ya kawaida: ulianza kunywa lini, unakunywa nini, kiasi gani kwa mara moja, mara ngapi kwa wiki, unahitaji kiasi gani kulewa, mara ya mwisho kulewa lini, umewahi kuendesha gari umelewa bila kukamatwa. Hilo la mwisho huwashtua watu. Jibu la kweli ndilo jibu. Na kama alikataa kipimo cha kwanza barabarani, ripoti inasema, na yeye aseme.

Nyaraka za kuandaa sasa hivi, asingojee kuombwa: hukumu ya Virginia, cheti cha kumaliza VASAP, uthibitisho wa kulipa faini, kurudishiwa leseni na kumaliza muda wa kile kifaa cha kupuliza kabla gari haijawaka, na historia ya udereva kutoka DMV (ofisi ya magari na leseni ya huko) inayoonyesha hakuna kingine tangu 2019. Kama bado anakunywa, tathmini ya mtaalamu wa afya mwenye leseni inasaidia sana. Kuna kipimo cha damu kiitwacho PEth kinachoonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne zilizopita, na wengine hukifanya mara kadhaa ili wawe na mfululizo. Kwa kesi ya kiasi hiki si lazima, ila kikiwepo hakimchomi mtu mkweli.

Hapa pana mtego nautilia mkazo. Aisome ile ripoti ya mwisho ya VASAP au ya mshauri yeyote. Kama iliandikwa kwamba ana ugonjwa wa matumizi ya pombe na ikashauriwa aache kabisa, basi kujisifia mbele ya mpelelezi kwamba "siku hizi nakunywa wikendi tu, kidogo" ni kukiri kwamba anakwenda kinyume na ushauri wa matibabu. Kwenye Mwongozo G hiyo ni hoja inayojitegemea. Kama ripoti ilisema mafunzo yanatosha na hakuna ugonjwa, unywaji wa kiasi hauna neno. Watu wawili wanaweza kunywa glasi ile ile, mmoja akapata kibali na mwingine akakosa, kwa sababu ya mstari mmoja kwenye ripoti.

Utaratibu ukienda vibaya: kibali cha muda kinaweza kukataliwa mwanzoni, na hicho hakina rufaa, lakini si hukumu ya mwisho. Kwa wafanyakazi wa wakandarasi, wakiona sababu za kukataa wanatuma hati ya sababu, SOR. Ana siku 20 za kujibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, nakubali au nakataa, na aombe kusikilizwa mbele ya hakimu wa utawala kama anataka. Asiache siku hizo zipite. Wapo waliopoteza kwa kunyamaza tu. Akikataliwa kabisa anaweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja, kupitia mwajiri anayemhitaji.

Na akipata, habari haijaisha. Wenye vibali wanafuatiliwa na mifumo ya kompyuta muda wote, na wanatakiwa kuripoti wenyewe kukamatwa kokote, hata akiwa likizo huku Mombasa.

Usiku_Kucha

Mmeruka swali la tatu, na kwangu ndilo la kwanza.

Fomu ya uraia, N-400, huuliza kama umewahi, popote, kukamatwa au kushtakiwa. Kama alijibu na kutaja Virginia tu, basi akiandika Shanzu kwenye SF-86 anakuwa ameipa serikali hati mbili zenye saini yake zinazopingana. Hiyo si sababu ya kuficha Shanzu mara ya pili, ni sababu ya kuonana na wakili wa uhamiaji wa Marekani kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Akifika aende na nakala ya N-400. Kama hana, wakili anaweza kuiomba kwa sheria yao ya kupata taarifa za serikali, ingawa hiyo huchukua muda.

Uraia unaweza kuvuliwa kama ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi kwa makusudi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 2017, katika kesi ya Maslenjak, kwamba kwa mashtaka ya jinai ya kupata uraia kinyume cha sheria, uongo lazima uwe ulichangia mtu kupata uraia huo. Ulevi na fujo mmoja wa 2014, wenye faini ya shilingi 500, ni vigumu kuona ungemnyima uraia. Ingekuwa DUI mbili ndani ya kipindi cha tabia njema mambo yangekuwa mengine, tangu 2019 wanazihesabu kama dalili ya kukosa tabia njema mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Lakini "ni vigumu kuona" ni maoni ya jukwaani. Wakili asome fomu yenyewe.

Jambo moja la kiufundi: SEAD 4 inamlinda kwa kiasi mtu aliyeacha jambo kwa ushauri wa wakili, au wa mtu ambaye kazi yake ni kushauri kuhusu taratibu za usalama. Haimlindi aliyeshauriwa na binamu, wala na jukwaa hili. Afisa wa ajira akimwambia "hilo dogo usiandike", aombe kwa barua pepe. Mara nyingi barua pepe haiji.

KijanaWaTudor

Na sisi tulio huku? Nina faini ya alkoblo, kile kipimo cha pumzi cha barabarani. Kuna nafasi serikalini naitaka. Fomu inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Mantiki ni ile ile?

WakiliMtaani

Mantiki inafanana, sheria ni nyingine. Kesi za alkoblo huwa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Angalia hukumu yako inataja kifungu kipi na unakili hicho hicho kwenye fomu. "Kosa la trafiki" pekee, bila kutaja pombe, litaonekana kama kukwepa.

Hatia hiyo peke yake haikufungii mlango wa utumishi wa umma. Sura ya Sita ya Katiba inapima uadilifu kwa jumla, na bodi ya ajira inatazama kazi yenyewe: nafasi ya udereva si sawa na ya uhasibu. Upande wa uongo ndio wenye meno. Cheti cha kughushi au cheti cha tabia njema kilichotengenezwa River Road ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kughushi na kuwasilisha hati ya uongo, na kila moja ina kifungo. Kisha EACC, tume ya maadili na kupambana na rushwa, wanaweza kuingia kwa Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2003: mshahara ulioupata kwa hati ya uongo ni mali ya umma uliyoipata kwa hila. Adhabu ni faini hadi milioni 1 au kifungo hadi miaka 10 au vyote, pamoja na faini ya lazima ya mara mbili ya ulichofaidika. Piga hesabu ya mshahara wa miaka 8, mara mbili. Na aliyetiwa hatiani chini ya sheria hiyo ya rushwa hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa afisa wa umma kwa miaka 10. Mwenye faini ya ulevi hana marufuku ya namna hiyo.

Kama kesi yako uliachiwa au iliondolewa, usingoje rekodi ijisafishe. Chukua nakala ya uamuzi yenye muhuri uipeleke DCI kitengo cha rekodi, kwa sababu kumbukumbu ya kukamatwa hubaki wazi mpaka matokeo ya mahakama yaingizwe. Ukiomba cheti: unajaza eCitizen, unalipa shilingi 1,000 na ada ndogo ya mtandao, unachapa fomu C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja (karatasi mbili wanakurudisha), unakwenda na kitambulisho kuchukuliwa alama Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Mwajiri asikudai cheti kabla hajakusudia kukupa mkataba, marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanakataza.

Nahodha_Kilindini

Niongeze kwa mabaharia, maana hapa wako wengi. Viza ya C1/D ya Marekani, yaani ya mabaharia, fomu yake DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani. Kukamatwa kwa ulevi mara moja ndani ya miaka 5, au mara mbili ndani ya 10, kwa kawaida unapelekwa kwa daktari wa ubalozi kwanza. Unapoteza wiki kadhaa na pengine meli. Ukidanganya kwa jambo la msingi na wakajua, unaweza kuzuiwa kuingia maisha yako yote. Na melini kwenyewe, kanuni za kimataifa za mabaharia, STCW, zinaweka kikomo cha 0.05 kwenye damu kwa manahodha, maofisa na wenye kazi za usalama. Kampuni nyingi ni sifuri kabisa.

Bi_Bamburi

Amekubali kuonana na wakili kwanza, na ameomba kampuni imuongezee siku. Mama nitazungumza naye mimi. Karani, mimi naweza kwenda Shanzu kwa niaba yake?

KaraniWaMasijala

Unaweza. Akuandikie barua ya idhini yenye majina yake kamili kama yalivyokuwa 2014, namba ya kitambulisho chake cha Kenya cha wakati huo, jina lako na namba yako, na kwamba anakuruhusu kuomba nakala za kesi. Aisaini mbele ya mthibitishaji wa huko Virginia, iletwe ile ya asili, si picha ya simu. Uambatishe nakala ya kitambulisho chake cha zamani na chako. Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Jumatatu masijala inahangaika na waliokamatwa wikendi.